Eastlands ikijengwa upya, wazee watatembea wapi?

Katika mjadala unaoendelea kuhusu kujengwa upya kwa mitaa mikongwe ya Eastlands, jijini Nairobi, nimesikia mengi yakisemwa. Nimesikia habari za idadi ya vyumba, za orofa, za fidia, na za nani atakayekabidhiwa ufunguo wa kwanza. Hayo ni maswali ya haki na wakazi wana kila sababu ya kuyauliza. Hata hivyo, kuna swali moja ambalo sijalisikia katika mikutano ya hadhara wala kulisoma magazetini: wazee wetu watatembea wapi?

Yamkini baadhi ya wasomaji watacheka. Mwenye kuuliza swali kama hili huonekana kama mtu anayeulizia kibuyu cha maji ilhali nyumba nzima inahamishwa. Lakini naomba nisikilizwe, kwa maana nimekuja kuamini kwamba swali la miguu ya wazee ni swali la akili zao, na kwamba jamii inayopanga nyumba bila kuipangia miguu hiyo pa kukanyaga inajitayarishia maradhi ambayo haitaweza kuyalipia.

Kwanza, tuwajue wazee tunaowazungumzia. Mitaa kama Kaloleni, Makongeni, Ziwani, Shauri Moyo, Bahati, Mbotela, Maringo na Jericho ilijengwa na serikali ya kikoloni, Baraza la Jiji na shirika la reli ili kuwapa makao wafanyakazi. Mpango wake ulikuwa wa kibaguzi, na vyumba vyenyewe vilikuwa vidogo mno kwa mtu mwenye jamaa. Walakini, waliopanga Kaloleni katika miaka ya 1940 waliacha uwanja kati ya nyumba na nyumba, wakapanda miti, wakajenga na ukumbi wa jamii. Mitaa mingine nayo ikapata vijia, viwanja na kumbi zake. Kwa miaka mingi, ardhi hiyo isiyo na jengo ndiyo iliyokuwa sebule ya wazee. Hapo walicheza drafti, waliota jua la asubuhi na waliamua kesi za majirani.

Wazee hao waliishi kwa miguu. Kabla ya matatu kujaa katika barabara ya Jogoo, na hata baada ya kujaa, maelfu ya watu walitembea alfajiri kuelekea viwandani, sokoni na katika karakana za reli, kisha wakarejea kwa miguu jioni. Hakuna aliyeyaita mazoezi. Ilikuwa ni kwenda kazini tu. Siku ya kustaafu ilipofika, mtu alipewa barua, akapigiwa makofi, na mwendo wote wa miaka thelathini ukakatika kwa siku moja.

Naandika haya kwa sababu nimeyaona nyumbani kwetu. Baba yangu alifanya kazi katika karakana ya reli, nasi tukilelewa mtaani Jericho. Alistaafu mwaka 2004, akafungua kibanda kidogo cha kuuza sabuni, chumvi na mafuta ya taa, na kwa miaka kadhaa mambo yakamwendea vyema. Mama alipofariki mwaka 2017, kibanda kikafungwa. Baba akahamia kwenye kiti kilichokuwa karibu na dirisha. Nilipomtembelea siku za Jumamosi nilimkuta katika kiti hicho hicho, redio ikisema naye asiisikilize. Chakula alikigusa tu. Usiku alikesha, mchana akasinzia. Mimi na ndugu zangu tukaambizana kwamba ni uzee na kwamba ni msiba, tukaongeza kwamba utapita. Haukupita. Mwaka mzima ulikwisha, na mtu aliyekuwa akitusahihishia hesabu zetu za shule akawa anasahau kama amekunywa chai.

Mimi ni mtu wa isimu. Kazi yangu ni maneno, nami naona haya kukiri kwamba nilishindwa kuyasikia maneno ya baba yangu mwenyewe. Hakuwahi kusema kwamba ana ugonjwa wa akili. Alisema, “Nina mawazo.” Siku nyingine alisema, “Mwili umekataa,” au, “Usingizi umenihama.” Wazee wengi wa Eastlands huzungumza hivyo hivyo. Neno “mawazo” vinywani mwao halina maana ya fikra. Lina maana ya mzigo. Wataalamu wa Kiswahili wanalo neno “sonona”, nalo ni jamaa wa kitenzi ambacho wengi wetu tunakijua katika umbo la “kusononeka”. Ni neno zuri, lenye asili yetu, lakini bado linaishi vitabuni. Mtaani, mtu akivuka kutoka kwenye mawazo, neno linalomngoja upande wa pili ni “kichaa” au jina la Mathari, hospitali iliyoanzishwa mwaka 1910 ambayo tumeigeuza kuwa tusi. Kati ya “mawazo” na “Mathari” hatujaweka neno ambalo mzee anaweza kulitamka bila aibu mbele ya wajukuu wake. Basi hunyamaza.

Kunyamaza huku si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wazee wapatao 14 katika kila 100 wanaishi na tatizo fulani la afya ya akili, na kwamba sonona na wasiwasi ndiyo matatizo yanayojitokeza zaidi. Katika sensa ya mwaka 2019, Kenya ilikuwa na watu takriban milioni 2.7 waliotimiza miaka 60 au zaidi. Hesabu nyepesi ya darasa la sita itamwonyesha msomaji ukubwa wa jambo hili. Aidha, ni mwezi Januari mwaka 2025 tu ambapo Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu kinakwenda kinyume na Katiba. Kabla ya hapo, aliyelemewa kiasi hicho alikuwa na hofu ya askari juu ya hofu nyingine zote.

Aliyemwondoa baba kitini hakuwa mimi wala daktari. Alikuwa mzee jirani, aliyekuwa dereva wa lori, ambaye asubuhi moja ya mwaka 2018 alikuja mlangoni akasema, “Mzee mwenzangu, toka. Mguu wangu unaniuma na sitaki kutembea peke yangu.” Nadhani hila ilikuwa katika maneno hayo. Hakumwambia baba kwamba ni mgonjwa, alimwomba msaada. Wakatembea hadi uwanja wa Camp Toyoyo na kurudi. Kesho yake wakaenda tena. Baada ya miezi michache walikuwa watu watano, wanaume watatu na wanawake wawili, wakitembea saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla ya pikipiki kuchukua njia. Mmoja wao, mwalimu mstaafu, akawafundisha kunyoosha mikono na kusimama kwa mguu mmoja wakishika ukuta. Siku moja niliingia nyumbani nikamkuta baba akibishana na redio. Nilijua tumempata.

Najua vyema kwamba kisa kimoja si ushahidi. Ninawaonya wanafunzi wangu kila muhula wasijenge kanuni juu ya mfano mmoja, nami siwezi kujipa ruhusa ninayowanyima. Tuangalie basi waliopima.

Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 156 wenye umri wa miaka 50 na zaidi, wote wakiugua sonona. Kundi moja lilipewa dawa, la pili likapewa mazoezi ya pamoja mara tatu kwa juma, la tatu likapewa yote mawili. Mwanzoni dawa ilifanya kazi upesi zaidi. Lakini baada ya majuma 16, makundi yote matatu yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana. Miezi sita baadaye, miongoni mwa waliopona, wale wa kundi la mazoezi walikuwa wamerudiwa na ugonjwa kwa uchache zaidi. Msomaji makini atauliza: je, kilichowaponya ni mazoezi au ni kule kukutana na wenzao? Ni swali zuri, na uchunguzi ule haukuweza kuyatenganisha mawili hayo. Kwa upande wangu sioni hasara. Wazee wa Jericho hawahitaji kuyatenganisha. Wanahitaji yote mawili.

Mwaka 2011 uchunguzi mwingine wa Marekani ulihusu wazee 120. Nusu yao walitembea kwa mwendo wa wastani mara tatu kwa juma kwa mwaka mmoja. Nusu nyingine walinyoosha viungo tu. Picha za ubongo zilionyesha kwamba ile sehemu ya ndani inayohifadhi kumbukumbu, ambayo kwa kawaida husinyaa uzeeni, iliongezeka kwa takriban asilimia 2 kwa waliotembea, huku ikiendelea kusinyaa kwa wenzao. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa ambayo huchangia ugonjwa wa kusahau uzeeni. Miongoni mwayo ni kutofanya mazoezi, sonona na upweke. Tazama jinsi mambo hayo matatu yanavyokaa pamoja katika kiti kimoja kando ya dirisha.

Je, mwendo wa miguu unaifikiaje akili? Njia ni nyingi. Moyo ukipiga kwa nguvu kidogo, damu nyingi zaidi hupanda ubongoni. Mwili huzalisha kemikali zinazosaidia chembe za ubongo kukua na kuunganika. Mwenye kutembea mchana hulala usiku, na mwenye kulala usiku huamka na akili iliyotulia. Zaidi ya hayo, mtu aliyekuwa akijiona mzigo hugundua kwamba bado lipo jambo analoweza kulianza na kulimaliza kwa nguvu zake mwenyewe. Lugha yetu ililijua hili zamani. Neno “mazoezi” limezaliwa na kitenzi “kuzoea”. Kwa mujibu wa Kiswahili, zoezi si tendo la kishujaa la siku moja. Ni lile ambalo mtu amelizoea hata likawa sehemu yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linasema wazee wapate walau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa juma, pamoja na mazoezi ya kutia misuli nguvu mara mbili na ya kuimarisha msawazo wa mwili mara tatu ili wasianguke. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Ni safari ya kwenda Camp Toyoyo na kurudi, bila haraka.

Jambo hili halikuja nasi kutoka ng'ambo. Kule Korogocho, si mbali na Dandora, kuna kikundi cha nyanya kiitwacho Shosho Jikinge ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakikutana kujifunza kupiga ngumi na mateke. Wengi wana zaidi ya miaka 60, na wamo waliopita 80. Walianza kwa sababu ya kutisha: wanawake wazee walikuwa wakivamiwa na kubakwa majumbani mwao. Ni aibu yetu sote kwamba bibi wa miaka 80 alazimike kujifunza kumpiga mtu puani. Lakini tazameni walichokitengeneza kutokana na aibu hiyo. Hofu ni ugonjwa wa akili usiohesabiwa. Anayelala macho wazi, akisikiliza kila mchakacho wa mabati, hawezi kuwa mzima hata kama damu na sukari vimepimwa vikaonekana sawa. Kina shosho hao wanapokutana, hupiga kelele, huchekana, huulizana ni nani hakuja na kwa nini. Wanawake waliofundishwa na jamii kunyamaza wanafundishana kupaza sauti. Sijui dawa ya kunywa inayoweza kufanya hivyo.

Sasa tuzikabili hoja za wapinzani, kwa kuwa zina uzito.

Kuna watakaosema kwamba mzee wa Eastlands hakosi mazoezi, anakosa chakula. Ni kweli kwamba tumbo tupu halina mbio. Mpango wa Inua Jamii huwapa wazee waliotimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi, na kila anayenunua unga anajua fedha hizo zinafika wapi. Sisemi mwendo uchukue nafasi ya ugali. Nasema kwamba umaskini usigeuzwe kuwa sababu ya kuwanyima maskini hata kile kisichouzwa. Tajiri wa upande wa magharibi ya jiji ana msitu wa Karura na ana bustani za miti za Arboretum. Mkazi wa Maringo ana kijia kati ya nyumba. Ukimnyang'anya kijia hicho, umemnyang'anya Karura yake.

Wapo pia watakaosema ni fedheha kwa mtu mzima mwenye wajukuu kurukaruka uwanjani. Baba yangu alisema hivyo hivyo mwanzoni. “Watu watasema nimerukwa na akili,” alilalamika. Alikuwa akiogopa kuonekana mgonjwa wa akili kwa kufanya lile lililokuwa likimponya. Fedheha ya namna hii huisha watu wanapokuwa watano.

Hoja ya tatu ni ya madaktari, nami naiunga mkono kikamilifu. Mazoezi si mbadala wa matibabu. Mzee aliyeacha kula, anayetamani kufa, au ambaye kumbukumbu zake zinatoweka upesi, anahitaji mhudumu wa afya leo, si matembezi kesho. Mwenye ugonjwa wa moyo, kisukari au magoti mabovu aulize kwanza kiasi kinachomfaa. Asiyeweza kusimama anaweza kufanya mazoezi ya mikono akiwa ameketi. Tangu mwaka 2023 serikali imekuwa na wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 wanaozunguka majumbani. Wanapopima shinikizo la damu, wangeuliza pia: Mzee, unalalaje? Unatoka nje? Unatoka na nani?

Na kama kuna aliyebaki na shaka kuhusu thamani ya mwendo na mwenzi, akumbuke mwaka 2020. Ugonjwa wa korona ulipoingia, wazee waliambiwa wabaki ndani, na kikundi cha Jericho kikavunjika. Amri ilikuwa na sababu zake, wala siilaumu. Lakini ndani ya miezi mitatu baba alirudi kitini, na yale maneno yakarudi: mawazo, mwili, usingizi. Safari hii niliyasikia. Tulipoanza tena kutembea naye, mmoja mmoja, tukiwa tumeziba pua na midomo, tulikuwa tukijua tunachokitafuta.

Hapa ndipo narudi kwenye swali langu. Sipingi nyumba mpya. Nyumba nyingi za Eastlands zimechoka, mabomba yamekufa, na vijana wanahitaji makao yenye staha. Ninachopinga ni ile fikra kwamba ardhi isiyo na jengo ni ardhi tupu. Ibara ya 57 ya Katiba ya mwaka 2010 inawapa wazee haki ya kushiriki kikamilifu katika shughuli za jamii, kujiendeleza, na kuishi kwa heshima. Katiba hiyo hiyo imezikabidhi serikali za kaunti jukumu la bustani, viwanja na vifaa vya michezo. Mzee wa miaka 75 aliyekuwa akifungua mlango na kukanyaga ardhi, ukimpandisha orofa ya nane ambako lifti hukwama umeme ukipotea, umempa chumba kizuri na umemfunga. Kila ramani ya mtaa mpya iwe na njia ya miguu isiyoingiliwa na magari na pikipiki, madawati ya kupumzikia, kivuli, taa, na ukumbi ulio chini. Wazee wapewe vyumba vya chini kabla ya watu wengine. Haya hayaongezi gharama kubwa yakichorwa mapema. Yakisahauliwa, hayawezi kuchorwa tena.

Ninyi walimu mnaosoma safu hii mna la kufanya bila kungoja ramani. Shule zetu za Eastlands zina viwanja vinavyofungwa kwa kufuli Jumamosi na Jumapili. Mkizungumza na kamati za shule, saa moja ya asubuhi yaweza kutengwa kwa wazee wa mtaa, chini ya uangalizi. Na msidhani mnawafanyia watu wengine. Mwalimu hustaafu akiwa na miaka 60, naye ametembea kati ya madawati maisha yake yote. Kiti cha dirishani kinamngoja pia.

Nanyi wanafunzi, wale mnaotafuta mada za insha na miradi ya fasihi simulizi, mchukueni babu au nyanya mtembee naye nusu saa. Mwulizeni ni nani aliishi katika nyumba ile, soko la Burma lilipataje jina lake, mpira wa Gor Mahia na Leopards ulikuwaje katika uwanja wa City ambao tangu mwaka 2019 umepewa jina la Joe Kadenge. Miguu ikitembea, ulimi hufunguka. Mtarudi na insha, naye atarudi na usingizi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Baba yangu sasa amepita miaka 75. Wale watano wamebaki wanne. Dereva wa lori tulimzika mwaka juzi. Asubuhi ya siku iliyofuata mazishi nilimpigia baba simu nikiwa na hofu. Haikupokelewa. Nilipiga tena saa mbili, akajibu akihema kidogo.

“Tulikuwa Toyoyo, mwanangu,” akasema. “Yeye ndiye aliyetuzoesha.”